Kamioneti mpya au okazyo? Historia ya magari katika njia ya Kasongo, Wamaza na Kabambare

Kila chama cha wakulima kinachopata akiba kidogo katika njia ya Kasongo, Wamaza na Kabambare hufika siku moja kwenye swali lile lile. Wanunue kamioneti moja mpya, ambayo haijaguswa na mkono wa mtu, hata kama deni litakaa miaka? Ama wanunue mbili za okazyo, ili moja ikilala garajini nyingine iendelee kutembea? Wazee wengi husema mpya. Vijana wa garaji husema okazyo. Kikao huisha giza likiingia, na watu hurudi nyumbani bila kukubaliana.

Kwa familia zilizokimbia Salamabila na vijiji vya kandokando, hilo si swali la biashara peke yake. Wanaojua kukimbia wanajua tofauti kati ya mgonjwa aliyepandishwa garini na mgonjwa aliyebebwa kwa tipoyi. Wanajua pia kwamba mavuno yasiyopata gari huuzwa kwa bei ya mnunuzi, palepale shambani, na ya mwaka unaofuata hivyo hivyo. Ndiyo maana ni vizuri kuangalia njia hii imefanya nini na magari tangu zamani, kabla ya mtu kutoa pesa za watu.

Kabla ya gari kulikuwa na kichwa cha mtu. Misafara iliyotoka Ujiji na kuvuka ziwa Tanganyika ilipita Kabambare ikielekea Kasongo na Nyangwe. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi, pengine zaidi. Pembe za ndovu zilikwenda pwani. Nguo, shanga na bunduki zilikuja huku. Hamad bin Muhammad al-Murjabi, yule aliyeitwa Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa mji mkubwa, na mpunga ambao Kasongo inauza mpaka leo ulienea nyakati hizo za Wangwana. Livingstone alikwama Kabambare miezi mingi tangu 1870 kwa sababu ya vidonda vya miguu, kwa hiyo naye alijua njia hii inamfanya nini mtembezi. Ukipiga hesabu, kamioneti ya tani moja inabeba mzigo wa wapagazi 33. Wengi wa wapagazi hao hawakuulizwa kama wanataka kazi.

Wabelgiji waliiteka Kasongo mwezi wa 4 mwaka 1893, lakini mizigo haikutoka kichwani. Reli ya kampuni ya CFL kutoka Kindu mpaka Kongolo, kilomita 355, ilianza kutumika 1911. Tatizo ni kwamba ilipita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba. Kasongo ikabaki upande wa mashariki, na Kabambare ikabaki mbali zaidi. Mpaka leo mtu wa Kasongo anayetaka treni huvuka mto kwenda Samba. Hiyo ndiyo asili ya shida yote ya usafiri huku: reli ipo, ila iko kwa jirani.

Kilicholeta kamio ni pamba. Maniema ndiko Wabelgiji walikojaribu kwanza kilimo cha pamba cha kulazimisha, kuanzia 1917, na mwaka 1920 ikaundwa kampuni ya Cotonco iliyonunua pamba ya wakulima. Sheria ya mwaka 1917 iliruhusu kumlazimisha mtu kazi za mashamba mpaka siku 60 kwa mwaka. Pamba haiwezi kukaa ikanyeshewa, wala haina faida ikibebwa kichwani kilomita mia. Kwa hiyo barabara zilifunguliwa, kwa majembe na mikono ya wanakijiji, na kila kijiji kilipewa kipande chake cha kufyeka na kuziba mashimo. Wazee wa leo wanaosimulia njia nzuri ya zamani mara nyingi husahau kusema nani aliyeitengeneza, na kwa malipo gani.

Magari ya wakati ule yalikuwa hasa Chevrolet na Ford za Marekani, na baada ya vita ya 1940–1945 yakaongezeka Bedford, Mercedes na Land Rover. Mengi yalikuja mapya. Hapa ndipo penye jambo ambalo vikao vya leo havilisemi: gari jipya lilidumu kwa sababu nyuma yake kulikuwa na depo. Kampuni ya pamba, kampuni za madini, misioni, serikali ya teritware, kila mmoja alikuwa na garaji yake, mekanisie wake, na chumba chenye piesi zilizopangwa kwenye rafu na kuandikwa katika kitabu. Kamio ikivunja springi Jumatatu, Jumatano imefungwa springi nyingine. Mtu aliyetazama kutoka kando ya njia aliona gari tu. Depo hakuiona.

Baada ya uhuru depo zile zilianza kufa moja moja. Miaka ya 1970 serikali ya Zaire ilijaribu kurudisha magari mapya kwa njia nyingine: Kinshasa kulikuwa na kiwanda cha General Motors na kingine cha British Leyland cha kuunganisha magari. Lakini kutoka Kinshasa mpaka Kasongo ni safari ya nchi nzima. Mzigo ulipanda meli mpaka Kisangani, ukaingia treni mpaka Ubundu, ukapanda meli tena mpaka Kindu, halafu ukatafuta namna ya kushuka kusini. Piesi iliyoombwa Kinshasa ilifika, kama ilifika, wakati gari limekwisha kuwa nyumba ya kuku.

Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973 Mobutu alitangaza kuchukua biashara za wageni na kuzipa wananchi wa Zaire. Maduka ya Wagiriki, Wareno na Wahindi yakapewa wenyewe wapya, pamoja na kamio zilizosimama nyuma ya duka. Wengine waliendesha vizuri. Wengi walipewa gari bila kupewa mtu anayejua piesi zinatoka wapi na zinalipwa kwa pesa gani. Serikali iligeuka miaka michache baadaye na kurudisha sehemu ya mali, lakini wafanya biashara wengi hawakurudi.

Halafu pesa yenyewe ikawa adui. Mwisho wa 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa, na watu walipewa siku chache tu za kubadilisha. Mwaka 1993 ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mfanya biashara aliyekuwa ameweka noti katika sanduku aliamka maskini. Yule aliyekuwa amenunua kamioneti, hata kama ni mbovu, bado alikuwa na chuma. Tangu hapo gari huku limekuwa pia benki, na benki ya namna hiyo haihitaji kuwa mpya. Inahitaji kuweza kuuzwa wiki ijayo kwa mtu mwingine.

Ndipo okazyo za Asia zilipoingia. Toyota ilianza kuuza Hilux mwaka 1968, na Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ikatoka 1984. Japani gari hupimwa na serikali, mara ya kwanza baada ya miaka 3 na baadaye kila miaka 2, na kila kipimo kina gharama, kwa hiyo watu wengi huko huuza gari likiwa bado na nguvu. Mengine hupitia Dubai, ambako kuna soko kubwa la magari yaliyotumika. Yakishuka Dar es Salaam, hupanda mpaka Kigoma, huvuka ziwa mpaka Kalemie, ama hupitia Bujumbura na Uvira. Ukiitazama ramani vizuri, okazyo inafuata karibu njia ya misafara ya Ujiji. Hata Wabelgiji waliitumia: tangu 1921 Waingereza waliwapa sehemu yao ya bandari Dar es Salaam na nyingine Kigoma.

Alama yake inajulikana. Tanzania wanaendesha upande wa kushoto, Kongo upande wa kulia, kwa hiyo okazyo nyingi zina volani kuliani. Shofere akitaka kupita kamio mbele yake anamuuliza konveyeri kama njia ni nyeupe. Wengine huhamisha volani garajini. Volani iliyohamishwa na fundi asiye makini ni hatari kuliko ile iliyoachwa ilipokuwa, na mnunuzi anayeona volani kushoto katika gari la Japani afungue boneti na kuangalia kazi ya kuchomelea kabla ya kufurahi.

Nchi jirani zimejaribu kuweka mpaka. Kenya haikubali gari la okazyo lililozidi miaka 8. Uganda tangu 2018 inakataa kuingiza lililozidi miaka 15. Umoja wa Mataifa ulihesabu kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine, sehemu kubwa Afrika. Gari lisilokubaliwa mahali pamoja hutafuta mahali pengine, na mwisho wa njia yake mara nyingi ni huku kwetu Kongo.

Vita ilivuruga hesabu hizo zote. Kuanzia 1998, wakati RCD ilipoteka Kindu na sehemu kubwa ya Maniema, reli ilisimama, na treni haikufika tena Kindu mpaka 2004. Miaka ile gari zuri lilikuwa mzigo kwa mwenyewe. Mwenye silaha yeyote aliweza kuliomba kwa njia isiyokataliwa. Wengine waliyafungua magari yao na kuficha vipande: pompu kwa shangazi, batri kwa mjomba, matairi porini. Lililobaki likitembea ni kinga. Vijana walisukuma chumvi, sabuni, mafuta ya mawese na mpunga siku nyingi, kilo mia na zaidi juu ya kinga moja, kijiti kimefungwa kwenye usukani ili mtu aweze kuisukuma akitembea kando. Wasukuma kinga wa wakati ule ndio walioilisha Maniema ya kusini, na hakuna barabara iliyopewa jina lao.

Magari mapya yalionekana tena kwa wingi na mambo mawili: mashirika ya misaada, na dhahabu ya Namoya. Mgodi wa Banro pale Salamabila ulianza uzalishaji wa biashara mwezi wa 1 mwaka 2016. Land Cruiser nyeupe zikapita, kamio kubwa zikapanda kutoka Uvira na Fizi. Watu wakaona tena gari jipya, na tena hawakuona depo: kampuni ilikuwa na garaji yake, mafuta yake, kreni yake. Mgogoro wa wachimbaji wadogo, kampuni na kundi la Maï-Maï Malaika ukazidi, misafara ya magari ikashambuliwa, na mwezi wa 9 mwaka 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Familia zilizokuwa zikiishi kando ya njia hiyo zilibeba vichwani kile walichoweza.

Sasa turudi kwenye kikao cha chama. Neno «jipya» linadanganya kwa sababu nyingine pia, na hii ni ya injini.

Mwaka 1990 Toyota ilitia katika Land Cruiser ya mfululizo wa 70 injini inayoitwa 1HZ. Ina mitungi 6, lita 4.2, inatumia mazutu, haina turbo wala kompyuta. Pompu yake inasukuma mazutu kwa chuma na springi. Mekanisie mwenye funguo, taa na masikio mazuri anaweza kuitengeneza chini ya mwembe. Injini hiyo ndiyo iliyoendelea kuuzwa miaka mingi katika Land Cruiser mpya za Afrika, zile zinazonunuliwa na mashirika. Kwa hiyo gari jipya kabisa lenye plastiki kwenye viti mara nyingi lina moyo wa mwaka 1990.

Upande wa pili, Hilux ya okazyo ya mwaka 2008 ama 2010 ina umri mkubwa kwa karatasi, lakini injini yake ya mazutu mara nyingi ni ya namna mpya: presha kubwa sana, sindano zinazoongozwa na umeme, kompyuta inayopima kila tone. Kwenye bitumi na mazutu safi ni injini nzuri, yenye nguvu na isiyokunywa sana. Kwenye njia ambapo mazutu hununuliwa kwa bidoni, yakiwa yamechanganyika na maji ama petroli ya taa, sindano hizo hufa. Na ikifa, hakuna nyundo itakayosaidia. Gari litasubiri mashine ya kusoma kompyuta kutoka Bukavu ama Lubumbashi. Ndiyo maana kuuliza mwaka wa gari bila kuuliza jina la injini ni kununua mbuzi ndani ya gunia.

Mpya ina faida yake, na si haki kuikana. Chesi yake haijapasuka. Hakuna mtu aliyerudisha nyuma kilomita zake. Karatasi zake ni safi. Kwa hospitali inayobeba wagonjwa kila siku, na iliyo na mfadhili wa kulipa piesi, ni chaguo zuri. Lakini bei ya Land Cruiser mpya ya namna hiyo inaweza kununua okazyo mbili ama tatu, na thamani yake huanguka miaka ya kwanza kuliko wakati wowote. Tena huku inaonekana kutoka mbali, kwa macho mazuri na mabaya. Chama cha wakulima kikiweka akiba yote ya watu katika chuma kimoja kinachong'aa, bariere moja mbaya usiku inatosha kuimaliza.

Wale vijana wa garaji nao wanakosea wanaposema mbili za okazyo. Gari mbili bila piesi huishia kuwa gari moja. Kila mtu amekwisha kuona: ya pili inavuliwa kipande kwa kipande ili ya kwanza itembee, mpaka inabaki kabini na majani yanayoota ndani yake. Mwisho chama kimelipa bei ya mbili kwa piesi za moja, tena piesi zilizochoka.

Kampuni ya pamba ilijua jambo ambalo chama kinaweza kuiga bila kuiga ukatili wake: kununua depo pamoja na gari. Okazyo moja, yenye injini ya pompu ya kawaida, na bei ya ile ya pili igeuzwe piesi. Land Cruiser zinazouzwa na mashirika baada ya miaka 5 hivi ya kazi ni za kutazamwa kwanza, kwa sababu mara nyingi zina kitabu cha matengenezo.

Kupima okazyo kuna mambo machache yanayookoa pesa. Ifikiwe asubuhi, kabla muuzaji hajaipasha moto. Injini iliyochoka haifichi moshi ikiwa baridi. Ikishawaka, kizibo cha mafuta ya injini kifunguliwe: ikipuliza kama chungu kinachochemka, pistoni na mitungi vimekwisha. Mtu aingie chini na taa atazame chesi nyuma ya kabini na pale springi zinaposhikwa, ndipo inapopasuka kwa mizigo ya kupita kipimo, na rangi mpya mahali hapo peke yake ni ushahidi. 1HZ ina mkanda wa injini unaotakiwa kubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000; muuzaji asiyejua ulibadilishwa lini, mkanda uhesabiwe kuwa umekufa na bei ishuke. Namba ya chesi isomwe kwenye chuma yenyewe na kulinganishwa na karte roze, herufi kwa herufi, kwa sababu gari lililoibwa ng'ambo ya ziwa huja na bei tamu.

Sanduku la depo nalo si kubwa. Mkanda mmoja, filta za mazutu zaidi ya kumi kwa sababu ya bidoni za kadhafi, filta za mafuta, jani kuu la springi la nyuma, bearingi za magurudumu, sahani ya klachi, pompu ya maji, matairi mawili ya 7.50-16, na kitambaa safi cha kuchujia kila lita inayoingia tangini. Likae nyumbani kwa mtu mmoja ambaye wote wanamkubali, kitabu kiandikwe kila kinachotoka, na ufunguo usikae kwa shofere.